Kengele Kwenye Ncha ya Pembe

Mpagazi wa pembe hakupita kimya. Kwenye ncha ya pembe aliyojitwika begani alifunga kengele ya ng'ombe, na kengele hiyo ililia kwa kila hatua, kutoka Unyanyembe mpaka pwani, safari ya miezi mitatu mambo yakienda vizuri. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa njia, katika joho jekundu, na bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja. Nyuma yake kijana wa ngoma. Kisha ndio wenye pembe. Wenye ngozi, chumvi, tumbaku na majembe walifuata baadaye, kila mtu kwa uzito wa mzigo wake na heshima ya mzigo wake.

Richard Burton, aliyeingia Kazeh, mtaa wa Waarabu pale Unyanyembe, tarehe 7 Novemba 1857, aliwaona watu hawa akaeleza kwamba wao ndio mabwana wakubwa wa msafara. Burton hakuwa mwepesi wa kumsifu Mwafrika yeyote, kwa hiyo neno lake hapa lina uzito.

Kengele ilivuliwa pwani. Pembe ikavuka mpaka Unguja, ikapimwa, ikauzwa, ikapanda jahazi au meli ya Wazungu, ikafika kiwandani, ikakatwa vipande vyembamba kama ukucha, ikaanikwa juani. Mwisho wa safari ililala juu ya vibao vya piano, chini ya vidole vya binti wa Boston au Hamburg aliyekuwa akijifunza preludi ya Johann Sebastian Bach. Muziki wenyewe ulikuwa umeandikwa zaidi ya miaka 100 kabla, kwa ajili ya chombo kingine kabisa.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kina neno linalovishika vyombo vyote viwili. Kabla halijawa jina la chombo cha kanisani, kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi za kudonoa: gambusi, kibangala cha Lamu na jamaa zao. Baadaye neno likapanuka, likabeba ogani, likabeba piano, hata gramafoni ikaitwa kinanda. Mtu anaweza kudhani babu zetu walichanganya mambo. Hebu atazame ndani ya hapsikodi, kinanda alichokijua Bach tangu utoto. Kidole kinapobonyeza kibao, kijiti cha mti kinainuka ndani ya sanduku, na ubavuni mwa kijiti hicho kuna kipande cha unyoya, mara nyingi wa kunguru, kinachoudonoa uzi na kuupita. Mpiga udi wa Unguja au Maskati naye hudonoa nyuzi kwa risha, na risha kwa Kiarabu ni unyoya. Kwa hiyo hapsikodi ni gambusi lililotiwa ndani ya sanduku na kupewa vibao, na anayeiita kinanda hajakosea hata kidogo. Mgeni hapo ni piano, maana yenyewe haidonoi. Inapiga kwa nyundo.

Nyundo hizo zilibuniwa na Bartolomeo Cristofori huko Florence karibu na mwaka 1700. Bach aliwahi kuzijaribu: mwaka 1747, alipoitwa na Mfalme Friedrich wa Prussia kule Potsdam, alipiga piano za fundi Gottfried Silbermann. Lakini sehemu kubwa ya kazi zake za vibao ilikuwa imeshaandikwa kwa hapsikodi, klavikodi na ogani. Alipofariki mwaka 1750 piano ilikuwa bado chombo kidogo, cha fremu ya mbao na sauti ya chumbani. Miaka 100 baadaye ilikuwa dude jingine. Mwaka 1859 Steinway wa New York alipata hati ya kupishanisha nyuzi juu ya fremu ya chuma cha kalibu, na piano ikaanza kustahimili mvuto wa nyuzi wa tani kadhaa na kuujaza ukumbi wa watu 2,000.

Piano ilivyozidi kukua, ikaja kazi ya kuipangia upya muziki wa zamani. Franz Liszt alichukua preludi na fugi sita za ogani za Bach akazihamishia kwenye mikono miwili ya mpiga piano. Carl Tausig akafuata, akigusa hata sonata za Domenico Scarlatti, ambazo tangu asili ni za hapsikodi, akazinenepesha ili zisipotee ukumbini. Ferruccio Busoni akawapita wote. Mwaka 1898 alitoa preludi kumi za Bach za ogani, zile zinazofumwa juu ya tenzi za Kilutheri, zikiwa zimepangwa kwa piano. Na mwaka 1914 akatoa toleo lake la tofauti za Goldberg, kazi ya mwaka 1741 iliyoandikwa kwa hapsikodi ya safu mbili za vibao. Kwenye safu mbili mikono hupishana raha mustarehe, huu juu, huu chini. Kwenye piano yenye safu moja mikono hiyo hugongana kama watu wawili wanaopita mlango mmoja kwa pamoja, na mpangaji lazima aamue nani asubiri, nani arukie juu, sauti gani iongezwe na ipi iachwe.

Kuna wanaoliona jambo hili kuwa kufuru. Wamesahau kwamba Bach mwenyewe, akiwa kijana kule Weimar, alichukua kazi za Vivaldi za fidla akazifunga upya kwa vibao, na hakumwomba mtu radhi.

Kufunga upya ndiyo iliyokuwa kazi ya Tabora, mji wa Unyanyembe. Wapagazi waliotoka pwani wengi waliishia hapo. Mizigo ikafunguliwa, ikapimwa, ikagawanywa na kufungwa tena kwa mabega mapya yanayoelekea Ujiji, Karagwe au Katanga. Kipimo kilikuwa frasila, ratili 35, karibu kilo 16, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili. Pembe haikatwi njiani. Ile iliyomzidi mtu mmoja ilifungwa kwenye mti na kubebwa na wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Nyumba ya Mwarabu wa Tabora ilikuwa tembe pana lenye ua katikati, na pembe zilikaa ndani zikingoja bei, zikingoja msimu, au zikingoja vita viishe.

Vita havikukosekana. Kuanzia mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji, na Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alijitia katika vita hivyo upande wa Waarabu. Walishindwa vibaya, naye ikabidi azungukie kusini. Mirambo alijua thamani ya pembe na njia yake kuliko Mzungu yeyote. Hakutaka kuiua biashara. Alitaka ushuru wake, na alitaka Wanyamwezi wasiwe wageni kwenye njia waliyoifungua wenyewe.

Kwa kweli wao ndio waliotangulia. Wafanyabiashara wa Kinyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla mfanyabiashara wa Kiarabu hajajenga tembe Unyanyembe. Ndovu aliyeuawa katika nchi ya mtemi alikuwa na sheria yake: pembe moja ya mtemi, moja ya mwindaji. Usukumani na Unyamwezini wawindaji wa ndovu walikuwa na chama chao, Bayege, chenye dawa zake, miiko yake na nyimbo zake. Nyimbo ziliendelea kuchezwa hata baada ya ndovu kuadimika.

Huko Unguja pembe zilipangwa kwa mnunuzi. Kubwa na laini ziliitwa bab Ulaya, maana ndizo zilizokwenda kwa Wazungu. Nyingine zilikuwa bab Kachi, zikaenda Kachchh na Bombay kutengenezewa bangili za maharusi. Ndogo ziliitwa kalasha. Mafundi wa piano walitaka zile laini za Afrika Mashariki, kwa sababu zilikubali msumeno, wala hazikupasuka upesi kama ngumu za Afrika Magharibi. Na pembe ina sifa ambayo plastiki mpaka leo inaiiga kwa shida: inanyonya jasho la kidole. Mpiga piano akichemka katikati ya fugi yenye sauti nne, kibao hakimtelezi.

Wamarekani waliwahi. Mkataba wao na Sayyid Said ni wa mwaka 1833, na konseli wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika Unguja mwaka 1837. Walileta kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, kile ambacho bara zima kilikuja kuitwa merikani, na ujira wa mpagazi wa Tabora ulihesabiwa kwa mikono na doti za kitambaa hicho. Waliondoka na pembe. Kijana mmoja wa Kimarekani, George Cheney, aliishi Unguja katika miaka ya 1850 akinunua pembe kwa niaba ya matajiri wa kwao; aliporudi aliingia ubia katika kiwanda cha Comstock, Cheney & Co. Kitongoji kilichoota kando ya kiwanda hicho huko Connecticut kiliitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe, na jina hilo lipo mpaka leo. Jirani yake, Deep River, kulikuwa na washindani wao Pratt, Read & Co.

Kazi ya kule inastahili kutazamwa kwa karibu. Pembe ilikatwa vipingili, vipingili vikapasuliwa kuwa vipande, na vipande vikachanwa kwa misumeno myembamba iliyomwagiwa maji ili meno yasiunguze. Kila kibao cheupe kilivikwa vipande viwili: kichwa kipana mbele, panapokaa ncha ya kidole, na mkia mwembamba unaopita kati ya vibao vyeusi. Kabla ya kugandishwa, vipande vilipangwa kwa maelfu ndani ya vibanda virefu vya vioo vilivyoelekezwa jua, vikageuzwageuzwa kwa majuma mpaka viwe vyeupe. Mtu aliyepita nje angeweza kudhani ni bustani za mboga. Piano ya kawaida ina vibao 88, vyeupe 52, na pembe moja nzuri ya ratili 75 ilihesabiwa kutosha piano 45 hivi. Karibu na mwaka 1910 viwanda vya Marekani vilikuwa vikitoa piano zaidi ya 300,000 kwa mwaka.

Wajerumani nao walikuwemo. Steinway alifungua kiwanda Hamburg mwaka 1880, na katika mji huohuo nyumba ya biashara ya Meyer, waliokuwa wakubwa wa pembe, iliweka wakala wake Tabora. Wakala huyo, Giesecke, aliuawa huko mwaka 1886. Miaka michache baadaye bendera ya Ujerumani ilipanda Tabora kwa mkono wa Emin Pasha, na Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, boma lake lilipoingiliwa, aliwasha baruti yake mwenyewe kuliko kushikwa.

Simulizi zinazopendwa kule Connecticut siku hizi, kwa majuto ya haki, husema kila pembe ilibebwa na mtumwa aliyeuzwa pamoja nayo alipofika pwani. Majuto hayo yana msingi: watumwa walipita njia hii, na mashamba ya matajiri wa Tabora yalilimwa na watumwa. Lakini kwa njia ya kati, hii ya Tabora, simulizi hiyo inamfuta mtu aliyefunga kengele. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu wa ujira. Alipatana mshahara, alidai posho, aligoma akipunjwa, na alitoroka akionewa. Kijana ambaye hajaiona bahari alichekwa. Wazungu waliosafiri nao walijaza kurasa wakilalamika juu ya kiburi chao, na malalamiko hayo ni ushahidi mzuri kuliko sifa: mtumwa hagomei posho.

Waliimba pia. Kirangozi alitoa, msafara ukaitika, na wimbo ulibadilishwa maneno kufuatana na njaa ya siku ile au ubahili wa bwana msafara. Nyimbo za Wanyamwezi nazo zilifika Ulaya: mwaka 1909 Erich von Hornbostel, wa hifadhi ya sauti ya Berlin, alichapisha katika jarida la Anthropos makala kuhusu nyimbo zao, zilizonaswa kwenye mitungi ya nta.

Je, piano ilirudi? Hesabu ni rahisi. Piano ndogo ya ukutani ina uzito wa kilo 200 na zaidi, yaani mizigo sita au saba ya watu. Boti ya chuma ya Wamisionari wa London, Morning Star, ilifikishwa Ujiji mwaka 1883 kwa kufunguliwa vipande, lakini fremu ya piano ni pande moja la chuma, halifunguliwi. Na ikifika, kiangazi cha Tabora kinapasua mbao, masika yanalegeza gundi, mchwa wanamalizia. Chombo kilichoifaa njia hii kilikuwa kinanda cha kukanyaga, chenye mivukuto miguuni na ndimi za shaba ndani, na aina nyingine ziliweza kukunjwa kama sanduku. Ndimi za shaba hazihitaji fundi wa kukaza nyuzi kila msimu. Adui wake mkubwa ni panya, mpenda ngozi ya mivukuto.

Mwaka 1898, mwaka uleule Busoni alipotoa preludi zake kumi, Wamoraviani walipokea kutoka kwa Wamisionari wa London kituo cha Urambo, kwenye nchi ya marehemu Mirambo. Kanisa lao lina asili ya Herrnhut, kijiji cha Saksonia kilichoanzishwa mwaka 1722. Bach aliandika mwaka huohuo, 1722, kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu chake cha preludi na fugi 24 katika funguo zote, na mwaka uliofuata alihamia Leipzig, Saksonia hiyohiyo, akakaa huko mpaka kufa. Wamoraviani walikuwa watu wa kuimba kupita kiasi. Kitabu chao cha sauti, alichokitoa Christian Gregor mwaka 1784, kiliandikwa kwa desturi ya zama za Bach: sauti ya juu, besi chini, na tarakimu za kumwonyesha mpiga kinanda ajaze nini katikati.

Kwa hiyo kilichofika Urambo, na baadaye Sikonge na Kitunda, si fugi wala tofauti za Goldberg. Ulifika ule utenzi wa sauti nne ambao Bach mwenyewe aliutumia kama uzi wa kufumia preludi zake. Busoni aliuvika utenzi huo nguo zote za piano kubwa. Unyamwezini ulivuliwa mpaka ukabaki sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, katika vinywa vya watu wasiohitaji fremu ya chuma. Sol-fa ya John Curwen, ile ya d, r, m inayoandikwa ubaoni kwa chaki, ilimaliza kazi: kwaya nzima ikaweza kujifunza Handel bila kuona nota hata moja ya mistari mitano. Haleluya yake, iliyoandikwa mwaka 1741 kwa kwaya na okestra, huimbwa Tanzania kwa Kiswahili msimu wa Krismasi na Pasaka, na okestra nzima imebanwa ndani ya mikono miwili ya mpiga kinanda, kama si ndani ya kinanda cha umeme chenye vibao 61 na ngoma zake ndani.

Nje ya kanisa Tabora haikuingoja piano. Ilichukua gitaa. Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz ziliufanya mji huo kuwa mmoja wa miji mikubwa ya dansi nchini, na magitaa yao yalifumana, moja likiuliza, jingine likijibu, la tatu likishikilia chini. Aliyewahi kukaa na fugi ya sauti tatu atatega sikio. Na kule Ulyankulu, nchi ya Mirambo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi ambayo barabara zake zilipewa namba badala ya majina, kwaya ya Barabara ya 13 iliunganisha mambo yote mawili, sauti za kwaya na magitaa ya umeme, na kaseti zake zikasikika mbali.

Njia ya pembe yenyewe ilikuwa imeshakufa. Pembe za Kongo ziligeuzwa magharibi, zikashuka mto mpaka Antwerp. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mpagazi akawa abiria. Viwanda vya Marekani vilihamia plastiki katika miaka ya 1950. Mwaka 1989, katika mkutano wa kimataifa huko Lausanne, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotaka biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ifungwe, ikafungwa.

Piano za zamani bado zipo, na kuzitambua si kazi. Mtu ainamishe kichwa kibao kikiwa kwenye mwanga: kwenye pembe halisi ataona mistari miembamba kama ya mbao, haifanani kibao kwa kibao, na mahali kichwa kinapokutana na mkia, karibu na pale vibao vyeusi vinapoanzia, kuna ufa mwembamba kama unywele. Plastiki haina ufa huo. Mwenye piano ya namna hiyo akitaka kuivusha mpaka, hata kama ilitengenezwa mwaka 1890, atatakiwa kuwa na cheti kinachoeleza pembe zake ni za lini. Wapo wanaoona usumbufu huo umezidi, wakaita fundi, wakang'oa vipande vyeupe kimoja kimoja kwa kisu chembamba, wakaviacha nyuma kwenye bahasha, wakagandisha plastiki.